Kuchora Sura ya Mzee Wako kwa Penseli Kutoka kwenye Picha: Mwongozo Kamili

Mchoro wa sura unaotolewa zawadi hukaguliwa na watu wasiojua kuchora. Shangazi akishaufungua hatazami ulivyolainisha kivuli cha shavu. Anatazama kama aliyemo humo ni kaka yake, na jibu analipata papo hapo. Ndiyo maana mwongozo huu umeegemea upande mmoja kwa makusudi. Nafasi kubwa nimeipa kazi inayotangulia vivuli, kwa kuwa kufanana huamuliwa huko. Vivuli vizuri juu ya vipimo vibovu vinakupa mtu mwingine kabisa, mzuri wa sura, asiyejulikana na ukoo.

Tutafuata mfano mmoja kuanzia mwanzo: mzee mmoja, kichwa hadi mabegani, kwenye karatasi ya A3, kwa penseli tupu. Kama ndiyo mara yako ya kwanza, anza wiki tatu kabla ya siku ya kutoa zawadi, saa moja au mbili kwa siku. Mchoro wa sura hauendi vizuri kwa mkesha. Macho yakichoka yanakubali makosa.

Uliza kabla ya kununua chochote

Hata kama unataka iwe zawadi ya kushtukiza, mtu mmoja wa nyumba hiyo ajue. Ziko familia za Kiislamu zisizotundika ukutani picha ya kiumbe mwenye roho, na ziko nyingine zisizoona shida yoyote, huwezi kubahatisha. Kama mwanamke unayemchora siku hizi anajisitiri, usitumie picha yake ya usichana akiwa kichwa wazi, hata kama ndiyo picha nzuri kuliko zote. Chagua ile ambayo yeye mwenyewe angekubali mgeni aione sebuleni.

Kwa marehemu, pima muda. Mjane aliye bado na kidonda kibichi anaweza asipende kuamka kila siku akitazamwa na sura ile. Mtoto wake mkubwa atakuambia.

Picha ya kuchorea

Ikuze kwenye simu hadi jicho moja lijaze kioo. Unauona mkunjo wa kope ya juu? Unaona mboni inaishia wapi na weupe unaanzia wapi? Kama unachoona ni ukungu au vijiraba vya rangi, hapo hutachora, utabuni. Tafuta picha nyingine.

Halafu angalia mwanga. Jua la saa sita hutupa giza kwenye matundu ya macho, na flashi ya mbele hufuta umbo lote la uso hadi uwe bapa. Mwanga unaofaa hutoka upande mmoja, kutoka dirishani au mlangoni, ukaacha shavu moja angavu na jingine limefifia.

Jihadhari na selfi. Simu ikiwa umbali wa mkono, pua hukua na masikio hurudi nyuma, kwa sababu pua iko karibu mno na lenzi ukilinganisha na masikio. Wewe utanakili kwa uaminifu wote, na watu watasema, "Mbona kama amevimba?" Mzee akiwa hai na mko naye karibu, mpige picha mpya. Mkalishe barazani mahali penye kivuli angavu, simama kama mita mbili, kuza kidogo, na upige huku anaongea na mtu mwingine. Ukimwambia "tabasamu, babu," atakupa uso wa kitambulisho.

Kama picha inatoka kwa jamaa aliye mbali, mwambie asiitume WhatsApp kwa njia ya kawaida, maana picha hubanwa na maelezo madogo hupotea. Aitume kama dokumenti. Ile iliyopita kwenye makundi matatu ya familia ikiwa na maua na maandishi ya Eid au Krismasi, iache.

Picha za zamani ni habari nyingine, na mimi ndizo ninazozipenda. Nyumba nyingi za pwani zina picha za studio: Capital Art Studio ya Ranchhod Oza pale Mji Mkongwe, Zanzibar, iliyoanza mwaka 1930, studio ya Parekh ya Mombasa, studio ya Bakor ya Lamu, na nyingine nyingi ambazo mhuri wake umebaki nyuma ya picha. Wapiga picha wale walijua kupanga taa, na picha yao ndogo ya nyeusi na nyeupe mara nyingi ina umbo la uso lililo wazi kuliko picha ya simu ya jana. Usiipige kwa simu juu ya meza. Ipeleke steshenari iskaniwe kwa dpi 600 (nukta 600 kwa kila inchi) au zaidi. Hata picha ya pasipoti ya sentimita 3.5 kwa 4.5 ikiskaniwa kwa dpi 600 inakupa kama pikseli 827 kwa 1,063. Ukiomba dpi 1,200 zinakuwa mara mbili kila upande. Kama picha imegandana na kioo cha fremu, usiibandue. Ipige ikiwa ndani ya kioo, simu ikiwa imenyooka mbele yake, na mtu ashike kitambaa cheusi nyuma yako ili kioo kisirudishe mwanga.

Picha moja iwe mama, nyingine ziwe mashahidi. Ile kuu inatoa umbo, pembe ya kichwa na mwanga. Nyingine zinakujulisha kovu lilipo au sikio lililofichwa na kofia lilivyo. Kuchukua macho ya picha ya 1985 na mdomo wa 2015 ukaviweka kwenye uso mmoja hakujawahi kuleta mtu.

Chapisha nakala mbili za sentimita 10 kwa 15, moja ya rangi na moja nyeusi na nyeupe. Ya pili inakuonyesha giza na mwanga. Ya rangi inakutoa kwenye mitego ya ile ya pili, kwa mfano pale midomo inapomezwa na rangi ya ngozi. Kwa maelezo madogo utakuza kwenye simu.

Vifaa, kwa kifupi

Penseli nne zinatosha: HB, 2B, 4B na 6B. Risasi ya penseli haina risasi; ni grafiti iliyochanganywa na udongo wa mfinyanzi, ufundi ambao Mfaransa Nicolas-Jacques Conté aliupatia hataza mwaka 1795. Udongo ukizidi, penseli inakuwa ngumu na hafifu, upande wa H. Grafiti ikizidi, inakuwa laini na nyeusi, upande wa B. Seti za penseli 24 zinapendeza dukani, lakini nyingi kati yake hutazigusa. Nunua chache za kampuni inayojulikana, maana za bei ya chini sana huwa na chembe ngumu zinazokwaruza karatasi, na mkwaruzo huo haufutiki.

Karatasi ndiyo mahali pa kutumia pesa. Ile ya fotokopi ya gramu 80 haibebi tabaka nyingi za penseli, na manila huwa nyepesi au ina ngozi inayoteleza. Omba karatasi ya michoro ya gramu 160 hadi 200, laini, isiyo na mabonde. Pitisha kidole juu yake: mabonde ukiyasikia, yatatokea kwenye shavu la bibi kama vidoadoa vyeupe.

Ongeza raba mbili. Moja nyeupe ya kawaida, uikate kwa wembe iwe na ncha. Nyingine ni raba ya kufinyanga, ambayo unaikanda kama donge la unga wa chapati na kuigandamiza juu ya karatasi ili inyanyue grafiti bila kusugua. Ukiikosa, ile gundi laini ya kubandikia mabango ukutani inafanya kazi hiyohiyo. Halafu kichongeo, rula ndefu, brashi laini ya kupakia poda, na kalamu ya bik iliyokwisha wino. Kazi yake utaiona kwenye mvi.

Miraba

Wapo watakaokuambia kuchora kwa miraba ni kuiba. Katika toleo la mwaka 1538 la kitabu cha vipimo cha Mjerumani Albrecht Dürer, lililotoka miaka 10 baada ya kifo chake, kuna mchoro wa msanii akimtazama anayemchora kupitia wavu wa miraba, na karatasi iliyo mbele yake ina miraba vilevile. Usione haya.

Kwenye nakala ya picha (usiguse picha halisi ya zamani) chora miraba ya sentimita 1 kwa kalamu nyembamba. Utapata 10 kwa upana na 15 kwa urefu. Andika herufi A hadi J juu, namba 1 hadi 15 pembeni. Kwenye karatasi ya A3, ambayo ni sentimita 29.7 kwa 42, pima mstatili wa 20 kwa 30 katikati na uugawe kwa miraba ya sentimita 2. Kila upande wa kushoto na kulia itabaki nafasi ya karibu sentimita 5, na 6 juu na chini. Nafasi hiyo iache. Fundi fremu ataihitaji. A4 haifai hapa, kwa sababu 20 kwa 30 haiingii: urefu wake ni 29.7.

Mistari ya miraba ichorwe kwa HB, mkono mwepesi kiasi kwamba ukinyoosha mkono huioni vizuri. Usitumie penseli ngumu ya 2H ukidhani itafutika kirahisi. Inachimba, na ule mfereji utajionyesha mara utakapoweka kivuli.

Sasa nakili mraba kwa mraba, lakini sahau kwamba unachora pua. Jiulize mstari unaingia mraba F8 kutokea wapi: theluthi ya chini ya upande wa kushoto? Unatokea wapi? Weka nukta mbili hizo, halafu ziunganishe. Kwenye macho na mdomo gawa kila mraba mara nne, kwenye picha na kwenye karatasi. Kwa ukubwa huu jicho moja lina upana wa kama sentimita 2 na ushee. Ukikosea milimita 2 umekosea karibu sehemu ya kumi ya jicho, na hapo ndipo mtu anaposema, "Anafanana, lakini siye."

Usichore tu ukingo wa viungo. Chora pia mipaka ya vivuli: mahali kivuli cha pua kinapoishia, umbo la mng'ao kwenye paji la uso, mkunjo unaotoka puani kwenda mdomoni. Mwisho wa hatua hii karatasi itaonekana kama ramani mbaya ya kisiwa. Ndivyo inavyotakiwa.

Kabla ya kufuta miraba, hakiki. Kwa wastani mstari wa macho hukaa katikati ya utosi na kidevu, upate utosi wa fuvu, usihesabu nywele wala kilemba. Kati ya jicho na jicho huingia jicho moja. Sikio hukaa kati ya usawa wa nyusi na usawa wa chini ya pua. Kwa mtoto macho huwa chini ya katikati, na kwa mzee masikio huwa marefu zaidi. Lakini hakuna aliye wastani. Ukiona macho ya babu yako yamekaribiana kuliko kanuni, usiyasogeze; pima tena kwenye picha, na kama ndivyo yalivyo, umeshika kitu kinachomfanya awe yeye.

Kisha igeuze picha na karatasi juu chini, utazame vyote viwili pamoja. Piga mchoro kwa simu na uugeuze kushoto kulia kama kwenye kioo. Jicho lililopanda au taya lililoegama litakurukia. Rekebisha sasa, kwa sababu baada ya vivuli kusogeza jicho ni kuanza upya.

Makunyanzi, mwanya, kovu

Ukionyesha kazi ikiwa nusu njia, haikosi mtu wa kusema, "Mwanangu, mpunguzie makunyanzi kidogo." Muitikie tu, "Sawa, shangazi." Kisha fanya hivi: acha kila mkunjo mahali pake, urefu wake uleule, ila punguza giza la chini ya mkunjo kwa daraja moja la kipimo cha giza nitakachokieleza hapa chini. Picha za simu huongeza ukali wa mikunjo kuliko macho yetu yanavyoiona, kwa hiyo kulainisha kidogo ni haki. Kuifuta ni jambo lingine. Mwanya, chale, ndonya, jicho moja lililolegea, hivyo ndivyo wajukuu wanavyomtambulia.

Dürer huyohuyo alimchora mama yake kwa mkaa mwezi Machi 1514, mama akiwa na miaka 63, miezi miwili hivi kabla hajafariki. Mifupa ya mashavu imetokeza, shingo imebaki mishipa, macho hayatazami upande mmoja. Hakumsafisha hata kidogo, na mpaka leo ukimtazama unajua kwamba huyu alikuwa mtu fulani mwenye nyumba na watoto.

Na usimweupishe mtu. Wanaoanza huogopa kutia giza, basi mzee mweusi tii anatoka na rangi ya maji ya kunde. Dawa yake ni kipimo cha giza. Kwenye kipande cha karatasi ileile chora visanduku saba, kila kimoja daraja lake, cha kwanza kikiwa karatasi tupu na cha saba weusi wote wa 6B. Toboa tundu dogo kwenye karatasi nyingine, uliweke juu ya picha kwenye shavu, na ulinganishe unachoona na visanduku vyako. Utakuta uso wa mtu mweusi kwa sehemu kubwa uko daraja la nne hadi la sita, na ule mng'ao wa paji, ncha ya pua na mfupa wa shavu unaruka hadi la pili au la kwanza. Mruko huo mkubwa kati ya giza na mng'ao ndio uzuri wa ngozi nyeusi kwa penseli.

Kuweka vivuli

Kama unatumia mkono wa kulia, anzia juu kushoto ushuke kulia; wa kushoto afanye kinyume. Chini ya kiganja weka karatasi safi. Kidole kisiguse mchoro kabisa: mafuta ya ngozi huingia kwenye karatasi na kuacha doa ambalo penseli wala raba havilitoi.

Futa miraba kidogokidogo, sehemu unayokwenda kuifanyia kazi tu, kwa kugandamiza raba ya kufinyanga.

Tabaka la kwanza ni HB uso mzima, isipokuwa penye mng'ao (kama ana mvi, zenyewe hutangulia; nitazieleza kwenye nywele). Zungusha ncha kwa viduara vidogo vinavyopandana, mkono mwepesi, bila mistari ya kwenda na kurudi. Pitisha brashi ya poda taratibu ili ijaze vinyweleo vya karatasi. Tabaka la pili ni 2B kwenye vivuli, la tatu 4B kwenye vivuli vizito. Giza lijengwe kwa tabaka, lisitafutwe kwa kukandamiza. Grafiti ikikandamizwa hung'aa kama chuma, na mchoro ukitundikwa mkabala na dirisha, sehemu uliyotaka iwe nyeusi kuliko zote ndiyo itakayomeremeta. Kama unataka weusi usiong'aa, penseli ya mkaa inaufaa, lakini amua mapema wapi utaitumia, kwa kuwa mkaa haushiki vizuri juu ya grafiti.

Baada ya tabaka la kwanza, macho ndiyo ninayoyaanza, kwa sababu yakikataa nitakuwa nimepoteza siku moja tu. Weupe wa jicho hauachwi mweupe. Kope ya juu hutupa kivuli juu yake, na pembeni hufifia kwa kuwa jicho ni mviringo. Kwa wazee mara nyingi una umanjano au vimishipa, kwa hiyo daraja la pili au la tatu ni sawa. Sehemu pekee ya karatasi tupu ni ile nukta ya mwanga. Itazame kwenye picha ina umbo gani, kama mraba wa dirisha au mstari wa mlango, na ikae sehemu ileile kwenye macho yote mawili. Duara la mboni halionekani lote, kwa maana kope ya juu hukata kipande chake. Ukilichora lote, mzee atakuwa amestuka. Usisahau unene wa kope ya chini, ule ukingo mwembamba wenye unyevu kati ya jicho na kope. Kiukingo hicho ndicho kinacholizamisha jicho ndani ya uso. Nywele za kope chora mwisho, mkono ukianzia kwenye ngozi na kunyanyuka, mstari uwe mnene chini na wembamba juu, chache, zisizolingana.

Pua haina mstari pembeni. Ukiona mstari, tazama tena: ni kivuli kinachokutana na mwanga. Matundu ya pua nayo hayawi meusi ya mwisho, yaache daraja moja chini ya weusi wa katikati ya jicho.

Kwenye mdomo, giza kubwa ni pale midomo inapokutana, na halilingani urefu wote. Huzidi kwenye pembe. Mdomo wa juu kwa kawaida ni mweusi kuliko wa chini kwa kuwa mwanga hutoka juu. Meno yakionekana, usichore mstari kati ya jino na jino. Chora umbo la ufizi juu na kivuli chini, mwanya uutie giza lake, na meno ya pembeni yafifishe. Mistari kati ya meno humwongezea mtu umri na kumtoa meno ya sega.

Nywele za kipilipili usizichore unywele mmoja mmoja. Weka kwanza uzito wote wa kichwa, wenye mwanga juu na giza karibu na shingo, halafu juu yake viduara vidogo vya 4B visivyo na mpangilio, na pembezoni acha viwili vitatu vitoroke. Kwa twende kilioni, kila msuko una mgongo wenye mng'ao na mifereji miwili ya giza. Chora mifereji kwanza, misuko itajitokeza. Mvi hufanywa kabla ya kivuli chochote. Chukua ile kalamu ya bik isiyo na wino, uchore nywele za mvi kwenye karatasi tupu kwa kukandamiza kiasi. Ukipitisha 2B juu yake baadaye, vifereji vile havishiki penseli, na mvi zinatokea zenyewe, nyembamba kuliko raba yoyote inavyoweza. Jaribu pembeni kwanza, kwani ukishachimba hufuti. Ndevu za mzee zinakubali njia hiyohiyo.

Nguo ziwe mtumishi wa uso. Kofia ya vito ina tundu nyingi za mshono. Zichore kwa makini upande ulio karibu na uso, kisha ziache zififie kadiri zinavyozunguka. Kanga ya bibi vivyo hivyo: maua machache ya mji karibu na shingo, pindo lionekane, yaliyobaki yawe mikunjo tu. Nyuma ya kichwa, kivuli chepesi upande wa shavu lenye mwanga kitalisukuma mbele. Sebule, pazia na saa ya ukutani viache kwenye picha.

Wakiomba babu awekwe pamoja na wajukuu ambao hakuwaona

Huombwa sana, na inawezekana, kwa masharti. Mwanga wa picha zote utoke upande mmoja. Kama wa babu unatoka kushoto na wa watoto kulia, geuza picha moja kama kwenye kioo, ila ukumbuke kovu, vifungo vya shati na mgawanyo wa nywele vitahamia upande wa pili, uvirudishe. Usawa wa kamera ufanane, maana aliyepigwa kutokea chini hakai na aliyepigwa kutokea juu. Ukubwa wa vichwa upange kwa umri: kichwa cha mtoto wa miaka saba si kidogo sana kuliko cha mtu mzima, mwili ndio mdogo. Tengeneza picha moja iliyounganishwa kwenye simu au kompyuta, ichapishe, ndipo upige miraba. Kuunganisha moja kwa moja kwenye karatasi ni kujitafutia balaa.

Kukaza, kufremu, kusafirisha

Ukimaliza, acha mchoro siku mbili bila kuutazama. Halafu mwonyeshe mtoto wa familia, umuulize tu, "Huyu nani?" Akijibu bila kusita, kaza. Akisita, rudi kwenye umbali kati ya pua na mdomo; mara nyingi kosa limejificha hapo.

Spreyi ya kukazia michoro, inayozuia penseli isifutike, hupulizwa nje, mchoro ukiwa umesimama, umbali wa kama sentimita 30, tabaka mbili nyembamba zikiachana kwa muda wa kukauka. Spreyi ya nywele, ambayo wengi huitumia kwa kuwa iko nyumbani, hugeuza karatasi kuwa ya njano baadaye. Bora uache bila kitu na uweke kioo.

Mwambie fundi fremu aweke kadibodi yenye dirisha kati ya mchoro na kioo. Kioo kikigusana na grafiti, unyevunyevu wa Dar, Tanga au Mombasa utavigandanisha, na karatasi itaota madoa ya ukungu. Mgongo wa fremu uzibwe kwa tepu ili wadudu wanaokula karatasi wasipite, na fremu isitundikwe kwenye ukuta wa bafu wala mkabala na jua la jioni.

Kama zawadi inakwenda mbali, kwa ndugu aliye Muscat au Toronto, usiitume na kioo na usiikunje. Iweke bapa kati ya kadibodi mbili ngumu, juu ya mchoro pakiwa na karatasi laini ya kuokea iliyobanwa kwa tepu pembeni isiteleze, na mpe mtu anayesafiri aibebe kwenye begi la mkononi. Huko atatafuta fremu ya A3.

Saini ndogo kona ya chini, isiyopita ukubwa wa kucha. Nyuma ya karatasi, kwa HB na mkono mwepesi ili isichomoze mbele, andika jina kamili la mwenye sura, picha ilipigwa wapi na mwaka gani, na nani alikupa.